Nyasi Ndani ya Lango

Nyasi zinazowasumbua wachezaji bora wa gofu duniani pale klabu ya Riviera, mtaa wa Pacific Palisades mjini Los Angeles, zimetoka kwetu. Ni nyasi za kikuyu, hizi hizi zinazotambaa kando ya barabara ya kwenda Limuru, na ambazo ng'ombe wa Kiambu wamezitafuna tangu kabla ya reli. Zilipelekwa California mwanzoni mwa karne iliyopita zikazuie mmomonyoko wa udongo. Kazi hiyo ziliifanya vizuri mno, kisha zikakataa kukaa zilipowekwa. Serikali ya Marekani imeziandika kwenye orodha ya magugu hatari, lakini Riviera, uwanja uliochorwa na George C. Thomas miaka ya 1920, waliamua kuishi nazo na sasa wanazijivunia. Ben Hogan alishinda US Open juu ya nyasi hizo mwaka 1948. Tiger Woods alicheza hapo shindano lake la kwanza la PGA Tour mwaka 1992, akiwa kijana wa miaka 16, na pamoja na mataji yote aliyobeba kwingineko, Riviera haijawahi kumpa hata moja. Watangazaji wa televisheni hueleza kwa heshima jinsi kikuyu inavyonasa fimbo na kuua mpira. Mimi nikiwasikiliza hucheka peke yangu sebuleni, kwa sababu namjua mama mmoja wa Ndeiya ambaye kila jioni huzikata kwa panga, akafunga mzigo, akawapelekea ng'ombe wake wawili bila kutangaza chochote.

Muthaiga, Nairobi, nyasi hizi ziko kwao. Nazungumzia Muthaiga Golf Club, si ile Muthaiga Country Club ya jirani iliyofunguliwa tarehe 31 Desemba 1913 na ambayo vituko vya walowezi wake vimeandikwa vitabu hadi vikachosha. Watu huzichanganya sana klabu hizi mbili. Ya gofu ndiyo ninayoalikwa, na mwaliko wenyewe unatokana na ndoa: kaka wa mke wangu ni mwanachama. Mgeni huandikishwa kitabuni, hulipa ada, huvaa shati lenye kola na kulichomeka. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na gofu nilijifunzia kwenye uwanja wa mazoezi wa kulipia, ule wa kununua mipira kwa ndoo na kuipiga hadi viganja vichubuke. Kwa hiyo nikiingia pale huingia kama mtu aliyealikwa karamu ya ukoo mwingine. Nakula kwa adabu huku macho yakizunguka.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, ukiinama juu ya njia ya nyasi fupi utaona kitu ambacho wachezaji wengi hukikanyaga bila kukijua. Kikuyu ni nyasi yenye haya. Maua yake hujificha ndani ya ala ya jani, lakini inapokatwa mara kwa mara huona ni heri ichanue haraka, na usiku hutoa nyuzi nyeupe, nyembamba, zenye vichwa vya chavua, zinazosimama juu ya majani kama sentimita mbili tatu. Eneo zima huonekana limeota ukungu. Kufika saa nne jua limezinyausha na mashine imezipitia. Nimewahi kuwaonyesha wenzangu wa kundi, wakatikisa vichwa kwa heshima ya shemeji, wakaendelea kuulizana habari za hisa.

Mpira wa gofu ukikaa juu ya kikuyu iliyokatwa vizuri huinuliwa kidogo na majani magumu, ukawa kana kwamba umewekewa kijiti. Hata mchezaji wa kiwango changu hujiona fundi. Tena Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali zaidi kuliko pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi. Mtu akishuka Mombasa Golf Club, ule uwanja wa mashimo tisa ulio ukingoni mwa bahari, hulaumu fimbo zake siku nzima kabla hajakumbuka kwamba kule hewa ni nzito na upepo una neno lake. Pale Muthaiga tunajisifu kwa nguvu ambazo nusu yake ni za mwinuko.

Lakini ukitoka kwenye njia, hatua chache tu upande wa miti, nyasi zile zile zimeachwa zirefuke, na hapo ndipo tabia yake halisi inapoonekana. Zinatambaa juu ya ardhi na chini ya ardhi kwa wakati mmoja. Shina linasukana na shina. Mpira hauangukii juu, unazama. Siku moja wangu ulizama hivyo, na wa shemeji ukazama kama hatua tano mbele. Kedi wangu, mzee aliyebeba mifuko ya wachezaji tangu alipokuwa mvulana, aliweka mfuko chini, akasukuma majani kidogo kwa ncha ya kiatu, mbali na mpira ili asivunje sheria.

“Mwalimu, hapa usilazimishe.”

“Si ni mita mia moja na arobaini tu?”

“Hizi nyasi haziangalii mita. Zitakukamata fimbo shingoni, uso ujifunge, mpira uende kushoto kwenye miti. Chukua weji, turudi barabarani.”

Nilichukua weji, nikaukata mpira kwa pembe kali, ukaruka kama kuku aliyeshtuliwa na kutua kwenye nyasi fupi. Shemeji, ambaye ni mwanachama wa miaka mingi na hupenda watu walikumbuke hilo, alichomoa namba saba. Alipiga kwa nguvu zake zote. Nilisikia sauti ya shina likikatika, fimbo ikageuka mkononi, na mpira ukaenda kushoto kwenye miti kama ulivyotabiriwa. Mzee hakusema kitu. Alitoa tu kitambaa akaifuta weji yangu, taratibu kuliko ilivyohitajika.

Ndiyo maana nasema kwamba raundi ya gofu katika uwanja wa aina hii ni kazi ya watu wawili, hata kama kadi inaandikwa jina moja. Kwenye grini mzee huchuchumaa nyuma ya mpira, lakini haangalii shimo kwanza. Shimo lina upana wa milimita 108 na mpira milimita 42 na ushei. Hesabu hiyo kila mtu anaijua na haimsaidii mtu. Yeye hutazama mbali, nje ya grini, kuelekea upande ambao ardhi inashukia. “Kila kitu hapa kinataka kwenda mtoni,” huniambia. Macho yangu yanaona mpando mdogo kwenda kulia. Yeye anaona bonde zima. Mito ya Nairobi hushuka kutoka nyanda za Limuru na Kikuyu kwenda mashariki, na matuta yote ya upande huu wa mji yamechongwa na maji hayo. Grini ni kipande kidogo cha mteremko kilichosawazishwa na mikono ya watu, kikakatwa hadi milimita tatu au nne, lakini mteremko haujasahau ulikokuwa ukielekea. Nikimwamini, mpira hupinda mahali ambapo sikuona sababu ya kupinda. Nisipomwamini hupinda vilevile.

Uzuri wa uwanja kama huu ni wa kutulia, na ni uzuri wa hila. Unasimama kwenye sehemu ya kuanzia, mbele yako nyasi zinateremka kwa upole kati ya miti mikubwa, zinapanda tena, bendera inaonekana kwa mbali. Unadhani mtu alikuja akakuta mahali hapa palivyo, akachimba mashimo 18 akaenda zake. Kumbe ukiuliza utaambiwa udongo huu ulihamishwa, kilima kile kiliongezwa, bwawa lilichimbwa, na mwaka 2004 Peter Matkovich wa Afrika Kusini alikuja kuuchora upya. Kazi nyingi imefanywa ili kazi isionekane.

Hila hiyo ina historia, nayo inanivutia kuliko historia ya mataji. Gofu yenyewe ilikulia Uskoti kando ya bahari, kwenye mchanga usiofaa kulimwa, penye upepo na pasipo mti. Nyasi za huko zilifupishwa na kondoo na sungura. Hata idadi ya mashimo 18 ni urithi wa St Andrews, ambako mwaka 1764 walipunguza kutoka 22. Bara, penye udongo mzito na mvua, mchezo huo haukuwezekana ipasavyo. Nyasi hurefuka hadi magotini wakati wa kiangazi cha Ulaya, na mpira haupatikani. Aliyebadilisha mambo hakuwa mchezaji. Mwaka 1830, huko Gloucestershire, Uingereza, mhandisi Edwin Budding aliangalia mashine ya kiwandani iliyonyoa manyoya juu ya kitambaa cha sufu, akaona kwamba inaweza kunyoa na nyasi. Bila mashine ya Budding hakuna gofu ya bara, na bila gofu ya bara hakuna Augusta, hakuna Riviera, hakuna Muthaiga.

Sura ya uwanja nayo ilichukuliwa kwa mabwana wenye ardhi. Katika karne ya 18 matajiri wa Kiingereza walimlipa Lancelot Brown, aliyejulikana kama Capability Brown, awatengenezee mbuga za kutazamwa kutoka madirishani: nyasi zinazoteremka, miti iliyopandwa kwa mafungu, mto uliozibwa ukawa ziwa. Kila kitu kionekane kama Mungu alikiweka hivyo. Huko Dorset, Lord Milton aliona mji mdogo wa Middleton unamharibia mandhari, akaubomoa, akawahamishia watu kwenye kijiji kipya kiitwacho Milton Abbas, mahali ambapo hawangeonekana. Brown ndiye aliyemchorea mbuga. Nyumba za Milton Abbas bado zipo, zimepangwa kwa mistari, nzuri sana, na watalii huenda kuzipiga picha.

Basi picha hiyo ya nyasi tupu zilizozungukwa na miti ndiyo walowezi waliyokuja nayo kichwani. Watu wa vilima vya Kiambu, waliosukumwa wakapishe mashamba ya kahawa na chai, hawakuhitaji kusoma habari za Dorset ili waelewe mandhari tupu hupatikanaje. Klabu ya kwanza ya gofu Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, mji wenyewe ukiwa bado mabati na matope, na mwaka 1935 ikapewa na Mfalme George V ruhusa ya kujiita Royal. Karen Country Club ilifuata mwaka 1937, juu ya sehemu ya ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, ambaye alikuwa ameondoka Kenya mwaka 1931 baada ya shamba kushindwa. Katika klabu hizo Mwafrika aliingia akiwa na sinia mkononi au mfuko wa fimbo begani. Njia zote mbili zilimfikisha karibu sana na mchezo, akauona kila siku, akaujua kuliko wenyewe, na hakuruhusiwa kuucheza ila baada ya wenyewe kuondoka.

Kisa ambacho nisingependa kimpite mtu yeyote anayeshika fimbo barani Afrika ni cha Sewsunker Sewgolum, aliyeitwa Papwa, wa Durban. Alikuwa kedi wa asili ya Kihindi, akajifunza mwenyewe kwa kushika fimbo kinyume, mkono wa kushoto chini ya wa kulia, kwa namna ambayo mwalimu yeyote wa gofu angemkataza. Akashinda Dutch Open mwaka 1959 na 1960, na tena 1964. Mwaka 1963 alishinda Natal Open katika Durban Country Club, akiwashinda Wazungu waliokuwa na kila kitu. Sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia katika jengo la klabu, kwa hiyo kombe alikabidhiwa nje, mvua ikinyesha, huku aliowashinda wakiwa ndani kwenye sehemu kavu. Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia. Kwetu Kenya mambo yalibadilika kwa kasi nyingine. Baada ya Uhuru rangi ilitoka mlangoni na pesa ikakaa kwenye kiti chake, pamoja na desturi ya mtu kupendekezwa na mwanachama na kuungwa mkono na mwingine. Leo wengi wa ninaokutana nao Muthaiga ni Waafrika na Wahindi wa hapa hapa. Mawakili, wenye hospitali, wastaafu wa serikali. Wanataniana kwa Kiswahili, Kikuyu na Kijaluo, na wanagombania madeni ya shilingi mia mia kwa bidii ambayo hawaonyeshi mahakamani.

Na bado lango ni lango. Uwanja wa mashimo 18 kwa kawaida hula hekta 50 hadi 60. Ng'ambo ya barabara ya Thika kuna Mathare, ambako watu wanaishi nyumba ikigusa nyumba na maji huja kwa zamu, ikiwa yatakuja. Mtu akisimama kwenye nyasi zilizonyweshwa usiku kucha asifikirie hilo, basi amejifunza kutofikiri. Najua kauli ambayo mwandishi wa aina yangu anatarajiwa kuitoa hapa: uzio uvunjwe, ardhi igawiwe. Nimeshindwa kuitoa, na si kwa sababu ya chai ya shemeji.

Sababu iko karibu na hapo hapo, inaitwa Karura. Ule msitu wa hekta kama 1,000 ulikuwa mali ya umma, wazi, bila uzio wa maana. Kwa kuwa ulikuwa wa wote, waliokuwa na kalamu za serikali waliuona kuwa si wa mtu, wakaanza kuukata vipande na kuwagawia waendelezaji. Januari 1999 Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda mti langoni, wakapigwa na walinzi wa kukodiwa, naye akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ukabaki. Miaka iliyofuata ulizungushiwa waya wa umeme, ukawekewa lango, na sasa mtu hukata tiketi ndipo aingie kukimbia au kuendesha baiskeli. Kwa hiyo upande mmoja kuna mbuga ya kibinafsi iliyookoka kwa sababu ya uzio, na upande wa pili msitu wa umma uliookolewa na watu kisha ukawekewa uzio ili wokovu wenyewe udumu. Nairobi imenifundisha kuogopa kiwanja kisicho na lango. Vile viwanja vya kuchezea mpira vya utoto wangu, ambavyo havikuwa na mwenyewe, vyote sasa ni maghorofa.

Hivyo swali ninalotembea nalo kati ya grini na grini si kama pawe na uzio. Ni nani anaufungua, lini, na kwa nani. Na raundi ya gofu huchukua saa nne hivi, muda mwingi wa kutosha kulibeba swali. Wasiocheza hudhani gofu ni kupiga mpira. Ukijumlisha muda ambao fimbo inasogea kweli hupati hata dakika tano. Zilizobaki ni kutembea, kusubiri, kutafuta, kusimama kimya mwenzako anapopiga. Katika kutembea huko ndipo uwanja hukuzoea. Unafika mahali ambapo miti inaficha mji kabisa, unasikia ndege, kisha upepo unageuka na kukuletea honi za matatu za barabara ya Thika. Mimi hupenda sana kipande hicho cha pili. Mbuga ya Capability Brown ilitengenezwa ili kijiji kisionekane. Pale Muthaiga kijiji kinasikika.

Mara moja kwa mwaka, ikiwa shindano la Kenya Open limeletwa pale, lango hupanuka. Shindano hilo lilianza mwaka 1967 na tangu 2019 limo katika ratiba ya ziara kubwa ya Ulaya. Seve Ballesteros alilishinda mwaka 1978 akiwa bado kijana. Yeye mwenyewe alianza kama mtoto wa kubeba mifuko huko Pedreña, Hispania, akifanya mazoezi ufukweni kwa fimbo moja. Ian Woosnam alilishinda mwaka 1986. Mkenya aliyelisogelea karibu kuliko wote machoni pangu ni Jacob Okello, aliyetoka sare na Ricardo González wa Argentina mwaka 1998 na kushindwa kwenye mashimo ya ziada. Wazee wa kubeba mifuko bado huisimulia siku ile, pigo kwa pigo, kila mmoja akiwa alisimama mahali bora zaidi kuliko mwenzake. Wiki ya shindano huona watu ambao siku nyingine wasingefika: wanafunzi wenye sare, wauza magazeti waliopata pasi, kina mama wa mitaa ya karibu waliokuja kufanya usafi wakachelewa kidogo kurudi kazini. Wanafuata kamba kwa utulivu. Hakuna aliyeng'oa hata jani.

Lakini lango linalonifurahisha zaidi ni dogo, na hufunguka bila kamera. Katika viwanja vingi vya Nairobi, Jumatatu ni siku ya makedi. Wanachama wapo ofisini, mashine za kukata nyasi zinazunguka, na wabebaji mifuko hucheza. Kedi kwa kawaida si mwajiriwa wa klabu. Hulipwa kwa raundi na huongezwa kulingana na moyo wa mchezaji, au kulingana na mchezo wa mchezaji, ambayo ni hatari zaidi. Mvua ikinyesha wiki nzima, wiki nzima hana kitu. Jumatatu humpa kile ambacho siku nyingine anakitazama tu. Fimbo ni za kuazima au za kuokotwa, seti ya namba zisizofuatana, ngozi ya kushikia imebadilishwa kwa utepe wa baiskeli.

Nilimuuliza mzee, tukiwa tunalikaribia jengo la klabu, anapiga ngapi siku hizo.

“Mgongo umenikataa, mwalimu. Wiki iliyopita nilipiga sabini na nne.”

Nilikuwa na kadi yangu mfukoni. Sikuitoa. Ilikuwa imepita mia, na hiyo ni baada ya kusaidiwa naye kila hatua.

Barazani tuliagiza chai na sambusa, shemeji akalipa deni lake la shilingi mia mbili kwa kunisukumia noti chini ya kisahani, kama anayetoa rushwa. Nilimweleza niliyokuwa nikiyawaza. Alinisikiliza kwa subira ya mtu aliyemwoza dada yake kwa mwalimu.

“Sasa shemeji, unataka tufungue lango, watu wote waingie?”

“Nataka Jumatatu iongezwe,” nilisema. “Makedi wabaki na asubuhi yao. Mchana waje watoto, kumi kumi, kutoka shule za huko Mathare na Huruma. Wazee hawa wawafundishe, klabu iwalipe wazee kama inavyomlipa mwalimu wa gofu. Wewe mwenyewe huwa hapa Jumatatu?”

“Mimi? Jumatatu niko kortini.”

“Basi hutaona tofauti.”

Alitafuna sambusa. Alisema kamati ina watu wagumu, kwamba kuna suala la bima, kwamba viatu vya watoto vitaharibu grini. Nilimwambia viatu vinaweza kuvuliwa. Akafikiri kidogo, kisha akaja na hoja aliyoona ni ya mwisho: mtoto anayejifunza hupiga ardhi kabla ya mpira, kila pigo linang'oa bonge la nyasi, na uwanja utabaki na majeraha. Nani atayaziba?

Mbele yetu, chini ya ngazi, mzee alikuwa amerudi kwenye njia ya shimo la 18 na ule mfuko mdogo wa mchanga ambao kila kedi hutembea nao. Alikuwa akijaza pengo nililolichimba mimi, na hatua chache kando yake pengo kubwa zaidi la shemeji, akikandamiza mchanga kwa soli ya kiatu. Nyasi za kikuyu, kama mama wa Ndeiya anavyojua, hazihitaji zaidi ya hapo. Baada ya wiki mbili tatu shina linalotambaa huwa limevuka.

“Mtaje kwa kamati,” nilimwambia shemeji. “Jina lake unalijua?”

Alimeza, akamtazama yule mzee kwa muda, kisha akamwita mhudumu aongeze chai.